Mashini ya kukata ya batri, ya esanse ao ya waya: mu Goma tuchague gani?

Fundi_Ndosho
Jambo bandugu. Niko na ekipe ya batu bane, tunafanyaka makloture, kupanga majiwe mu parseli, na sasa tulianza kupata kazi ya kufungua milango na madirisha (kutoboa ukuta) mu nyumba zenye zilishajengwa kitambo. Mpaka leo tunakodisha mashini ya esanse ya muzee moja hapa Ndosho, ile ya diski ya milimita 350, tunamulipa ya siku na yeye mwenyewe anakuja kukaa ku shantie asubui mpaka mangaribi kuchunga tusimuchomee mashini. Anakaa ku kiti, anakunywa chai yetu, na kila nusu saa anasema "pole pole mwanangu". Nimechoka.

Nataka kununua yangu na feza niko nayo ni ya moja tu, haiko ya mbili. Niko nawaza ao ya esanse sawa ya muzee, ao ya batri ya diski ya 230, ao ile ya waya ya 230 na kuitafutia grupe kidogo ya umeme. Bamoja banasema batri ni muchezo ya batoto, bengine banasema esanse ni mambo ya zamani. Kazi yenyewe ni bloko ya sima ya sentimita 15 na ya 20, fere (vyuma vya beto) ya milimita 10 na ya 12, na haya majiwe yetu ya volkano. Umeme mu parseli za bateja mara iko mara haiko. Munisaidie, lakini na mambo yenye mulifanya na mikono yenu, haiko yenye mulisoma ku karto.

Masoni_Kadutu
Mwanangu chukua ya esanse usisumbuke. Mi niko Bukavu, huku Kadutu nyumba zimepanda mulima moja juu ya ingine, gari haifike, kila kitu ni ku mugongo, na huko juu hata kama waya ya umeme iko inapita, umeme yenyewe haimo. Esanse unabeba mu bido ya litre tano na siku inaisha.

Niko na TS 420 ya Stihl miaka mingi sasa, moteri ya 66.7 cc, na diski ya 350 inaingia sentimita 12 na nusu, bloko ya 15 unakaribia kuimaliza upande moja tu. Ni nzito, kilo 9.6 mbele ya kutia esanse, mangaribi mabega inakukumbusha. Kitu cha kuchunga ni muchanganyo: moja kwa 50, maana litre 5 za esanse unatia mililita 100 za mafuta, unapima na kipimo, haiko na kifuniko cha soda sawa hawa bijana banafanyaka. Kisha filta ya hewa. Vumbi ya bloko ikipita mu filta ikafika ku pistoni, nenda tu utafute feza ya moteri ingine.

Dada_Beto
Papa Kadutu mi sikatae mashini yako, lakini ulishaifanyisha kazi mu chumba yenye madirisha haiko bado? Mi naongozaka mashantie ya Himbi na Katindo, nyumba za etaji, na siku moja bijana balikata na ya esanse mu koridori, moshi ikajaa, vumbi ikajaa, mmoja akatoka anashika kichwa, akatapika, tukasema ni malaria. Haikuwa malaria. Ile moshi iko na gazi yenye haina harufu na inauaka batu. Tangu siku ile mi ndani ya nyumba sitake tena moteri ya esanse, hata mutu aniambie ni ya dakika mbili.

Fundi, mi niko na ya Makita ya 230, ile inatiwa batri mbili za 18V pamoja, DCE090. Kitu ya kwanza nakuambia, usiulize diski ni ya ngapi, uliza inaingia milimita ngapi, ju kati ya diski kuko bile bisahani binashika diski na kichwa ya mashini, binakula nafasi. Diski ya 230 nusu yake ni 115 lakini mashini yangu inaingia 88. Ya Stihl ya batri, TSA 230, yenyewe inaingia 70 lakini ni nyepesi, kilo 3.9 bila batri. Sasa hesabu na bloko yako: ya 15, na 88 unakata huku kisha unazunguka unakata kule, mistari inakutana. Na 70 unabakiza sentimita moja kati, nyundo inamaliza. Ya 20, na yangu inabakia kama sentimita mbili na nusu, nayo nyundo inamaliza. Lakini lazima upime mustari pande zote mbili vizuri, kama umekosea utaona ngazi mu mlango na muplastaji (yule wa krepisage) atakutukana mpaka jioni.

Kisha batri, na hapa njo batu banadanganyika. Volti mara ampere-saa, njo chakula yenye iko ndani. 18 mara 5 ni wati-saa 90, batri mbili ni 180. Mashini ikikaza kabisa inakula kama wati 1,500, basi 180 ile inakwisha mu dakika saba. Dakika saba! Bateja banacheka bakisikia. Lakini ni dakika saba za diski iko inauma ndani, haiko dakika saba za siku. Fere ya 12 inakatika mu masekunde, kwa hiyo na hizo dakika saba unakata fere za nguzo mingi sana. Mlango ni jambo ingine, nilifungua moja Katindo mu bloko ya 15, ikanikulia jozi tatu.

Kwa hiyo mi sinunuake mashini na batri mbili. Batri sita, sharjeri ya matundu mbili. Na batri ikitoka mu kazi iko ya moto sawa kiazi kimetoka mu sufuria, ukiitia mu sharjeri saa ile ile, taa inapepesa tu, inakatala, inangojea ipoe. Sisi tunazipanga ku karo, ku kivuli, pembeni ya dirisha, kama mutu anaanika sambaza. Asubui ya kwanza kijana alifikiri sharjeri imekufa, akaipiga kofi.

Mwana_wa_Birere
Mi niko na swali moja tu dada. Nyundo na burini (tindo) inasharjiwaka saa ngapi? 😂

Dada_Beto
@Mwana_wa_Birere inasharjiwa na ugali, na ya kwako tunajuaka inakula ngapi.

Sudeeri_Birere
Fundi mi nataka tu nikupe habari ya batri za bei chini ju mi nilishaunguka. Mi nachomelea milango na grii za madirisha, nikaona mashini ya batri mu duka, jina lake siseme, karto nzuri, ku batri bameandika 6 Ah, na namba mingine kubwa kubwa yenye kila mutu anafikiri ni volti. Nikanunua. Siku ya kwanza nilikata fere kumi na nane za 10 ikazima. Nikasema ni mupya, itazoea. Siku ya pili kumi na nne.

Njo nikaipeleka kwa mama mwenye anauzishaka sambaza pale karibu na duka yangu, nikamuomba mizani. Batri yote, na plastiki yake, gramu 380. Nikachukua ya rafiki, ya kweli, ya 5 Ah, ikapita gramu 600. Mama akaniuliza "sasa hii nayo inapikwaka namna gani?" Nikarudia ku atelie nikafungua bisi. Ndani kulikuwa bijibatri bitano tu. Hizi ndogo ndogo za ndani kila moja inakuwaka na uzito kama gramu 45 hivi, batri ya kweli ya 18V ya ampere-saa 5 inatiwaka kumi, tano mara mbili. Sasa yangu ilikuwa na nusu. Nilirudisha ku duka, yule wa duka akanuka batri akasema "hii umeitia mu maji ya ziwa". Ni harufu ya sambaza! Sikurudishiwa kitu.

Kwa hiyo usione haya, tembea na mizani.

Katuba_Lushi
Yambo benye Kivu. Mi niko Lubumbashi, natengenezaka mashini za shantie na za bakarieri. Sudeeri amesema kweli, niongeze kidogo juu ya volti maana batu banaibiwa kila siku. Bijibatri bitano bimefungwa mustari moja, kila moja 3.6, njo unapata 18. Ikijaa kabisa kila moja inafika 4.2, njo unapata 21. Kwa hiyo 18V, 20V na 21V ku karto inaweza kuwa batri ile ile, ni mwenye kuandika tu alichagua kuipima asubui ao mangaribi. Na hizo 88, 128, 388 na herufi mbili nyuma yake, ile ni jina ya modeli. Hakuna volti 388 mu kitu kyenye unashika na mukono.

Sasa nimuambie papa wa Kadutu kitu yenye batu mingi habawaze. Goma iko juu karibu metre 1,500, Bukavu vile vile. Hewa kule ni nyepesi, moteri ya esanse inavuta hewa kidogo, inapoteza kama 15 kwa mia ya nguvu yake, na kama karbiratere haikurekebishwa inakunywa esanse mingi na kutoa moshi mweusi. Moteri ya batri haivute hewa, Goma ao Kalemie kwake ni sawa. Kwa hiyo ile nguvu bameandika ku kitabu ya esanse, ninyi huko hamuipatake yote.

Kiisha kuko batri kubwa kabisa, Makita iko na ya 355 yenye inatiwa batri mbili za 40V, inaingia 127, hiyo inalingana na ya esanse. Husqvarna na Milwaukee nazo ziko na zao. Nimezishika, ni mashini za kweli, sisemi kitu. Lakini bei ya batri moja ya hizo, fundi wa batu bane atalia, na ikiharibika utaipata wapi? Mi naonaka makampani makubwa tu njo inaziweza. Kwa kazi yako chukua 230.

Na kama ndugu yako anakuletea toka inje na ndege, mwambie asome ku batri. Mpaka wati-saa 100 anapita nayo mu begi ya mukononi, 100 mpaka 160 lazima aombe ruhusa kwa kampani ya ndege, kupita 160 bagaji ya abiria haikubaliwe kabisa. Batri za akiba ni begi ya mukononi, haiko mu valizi. Ile ya 18V ya 5 Ah ni 90, inapita. Ya 36V ya 5 Ah ni 180, itabakia uwanja wa ndege na utamusikia anakupigia simu.

Fundi_Ndosho
Aksanti sana, munanifungua macho. Lakini mbona hakuna mwenye anazungumuza majiwe ya volkano? Njo kazi yetu kubwa. Na kuhusu waya na grupe hakuna mwenye alijibu.

Dada_Beto
Ya waya nakujibu haraka: mashini ya waya ya 230 inakula wati 2,000 na kitu, na ku kuanza inaruka juu zaidi, grupe kidogo ya kilowati moja ao mbili itakohoa na kuzima, utahitaji ya 4 ao 5 kVA, ile haiko ya kubeba mukononi. Lakini ile ile grupe kidogo yenye ilishindwa, inasharji batri bila shida. Chunga tu grupe yenye umeme yake inapanda na kushuka, inauaka sharjeri. Kama mu parseli kuko umeme ya kudumu na kazi ni siku nzima pahali pamoja, ya waya ni bei nzuri na haichoke. Ila ralonje (waya ya kuongeza) ndefu juu ya majiwe yetu makali... nilisha kuta waya imekatwa na mutu mwenyewe mara ngapi sijue.

Majiwe_ya_Nyiragongo
Nilikuwa nasoma tu pole pole, sasa bamenigusa. Mi nilisoma jiolojia, leo napasua na kuuzisha majiwe, kwa hiyo najua pande zote mbili. Munashindana mashini, lakini kyenye kinakata ni diski. Niliona mutu na mashini ya bei mingi na diski ya ovyo anapigana na jiwe moja nusu saa, na mwengine na mashini ya zamani anafanya kumi.

Diski ya kahawia ama nyeusi, ile inakwisha inakuwa ndogo ndogo, ya fere ni ya fere na ya jiwe ni ya jiwe, imeandikwa juu. Kwa jiwe letu usipoteze feza nayo, chukua ya almasi. Lakini ya almasi nayo ziko za namna mingi, na hapa mambo imepinduka: kwa jiwe gumu unatafuta diski yenye chuma yake ya kushika almasi ni laini, kwa kitu laini chenye kukwaruza unatafuta yenye ni ngumu. Ju gani? Almasi inachoka ikikata jiwe gumu, inakuwa ya kuteleza sawa kioo, lazima ile chuma ya kuishika iishe kidogo kidogo ili almasi mupya itoke. Kama chuma ni ngumu sana, ya zamani haianguke, mupya haitoke, diski inateleza tu, inalia, inatoa cheche na haiingie. Batu banasema "diski imekufa". Haijakufa, imefunga macho. Chukua bloko ya sima, ile ya bei ya chini yenye mchanga mingi, kata ndani mara tano sita, itafungua macho tena.

Sasa jiwe yetu yenyewe haiko moja. Ile ya juu ya mutiririko ya lava iko na matundu sawa mukate, nyepesi, inakwaruza diski. Ile ya chini, ya blu-nyeusi yenye ukiipiga inalia ting, njo ngumu. Mutu wa Ndosho anapata zote mbili mu lori moja. Mi nachukuaka diski ya kati, ile bameandika granite na beto pamoja, na ile ya blu naikata na kupumzisha: sekunde kumi na tano ndani, unaitoa, unaiacha izunguke bure sekunde chache ipoe na hewa, unarudia. Ukitumia batri hiyo inakusaidia na batri nayo isiive.

Na kubwa kupita yote: usikate jiwe lote! Nani alikuambia jiwe ya volkano inakatwa mpaka mwisho? Unachora mustari na chaki, unapita na diski sentimita mbili, tatu kwa jiwe kubwa, unazungusha pande zote ukiweza, kisha unatia burini ndani ya mustari na unapiga pole pole, toka mwanzo mpaka mwisho wa mustari, pa! pa! pa!, mpaka sauti inabadilika. Ile sauti ikibadilika, ikikuwa nzito sawa unapiga chungu kyenye kimepasuka, usiongeze nguvu, rudia tu mustari mara moja. Inafunguka yenyewe na uso unabakia sawa. Kwa hiyo yule kijana wa Birere na nyundo yake alicheka lakini alikuwa na haki. Ukifanya vile batri ya dakika saba inakutosha majiwe mingi, na ile 88 ao 70 ya dada haina kazi tena kwa jiwe, inabakia kwa bloko.

Mwana_wa_Birere
Munaona!!! Mi nilisemaka!

Majiwe_ya_Nyiragongo
Kitu moja juu ya vumbi nilisahau. Jiwe ya Nyiragongo haina kwartzi, lava yake iko na silika kidogo sana, ni moja ya lava za ajabu ku dunia kwa ile. Kwa hiyo vumbi yake haiko sawa na ya mchanga. Lakini bloko na beto ziko na mchanga, na mchanga njo iko na kwartzi, njo inaharibu mapafu pole pole miaka mingi, na haiponake. Maji ni dawa. Najua maji hapa kwetu ni bido ku mugongo, lakini ile pompe ya kupulizia dawa ku maharagi, ya mugongo, unaisafisha vizuri, unafunga mupira wake ku tundu ya maji ya mashini, nusu litre kwa dakika inatosha. Na maski ya kweli, yenye kuandikwa FFP3, haiko kile kitambaa cha hospitali.

Masoni_Kadutu
Haya, mumenizunguka wote. Mi sibadilishe mashini yangu, niseme wazi, siku ya kukata beto ya mfereji metre 40 batri zenu zitakuwa zinakunywa umeme na mi nilishafika nyumbani. Lakini ile ya moshi ndani ya nyumba dada ana haki, nami ilisha nifanyikia, nilifikiri ni njaa.

Na kuna kitu hakuna mwenye alisema. Kurudi nyuma. Ile mashini kukurukia. Sehemu ya juu ya mbele ya diski, usiguse nayo kitu, hata kidogo. Na ukikata bloko ya ku dirisha, ile uzito ya juu inashuka, inabana diski, na mashini inapanda ku uso yako mbele hujafunga jicho. Tia kwanza kishikizo, na anza kukata mustari ya chini, ya juu iwe ya mwisho. Simama pembeni ya mustari, shingo yako isikae mbele ya diski. Batri ao esanse, hiyo haichague.

Sudeeri_Birere
Papa umenikumbusha. Mu atelie moja jirani, kijana alitoa kifuniko ya mashini ndogo ya 125 akatia diski ya 180, ju diski ndogo ziliisha na ile kubwa ilikuwako. Inaingia, tundu ni ile ile ya 22. Lakini mashini ile inazunguka mara 11,000 kwa dakika na ku diski ya 180 bameandika 8,500 mwisho. Ilizunguka kama sekunde nne. Mi nilisikia tu sawa bati imepigwa jiwe, tukatoka, kipande kilikuwa kimepita mabati ya juu, unaona mbingu kwa tundu sawa mdomo wa chupa. Kijana alikuwa ameinama kuokota peni. Mpaka leo iko na ile peni.

Na mutu angalie tarehe, ku ile pete ya chuma ya kati ya diski ya fere bameandika mwezi na mwaka ya mwisho ya kuitumia, ni miaka mitatu tangu ilitengenezwa, ikipita pale gundi yake inakufa. Kule soko banaziuza bei ya nusu, njo sababu ya ile nusu. Diski yenye ilinyeshewa mvua pia, tupa.

Katuba_Lushi
Ile peni anatakiwa aitie mu kadre.

Fundi_Ndosho
Bandugu narudi, imepita wiki tatu, nawapatia habari.

Nilinunua ya batri ya 230. Nilienda na mizani kweli, muuzaji wa kwanza alikasirika akaniuliza kama nakuja kununua nyama, wa pili akacheka akanipa nizipime zote. Batri nne, haiko sita, feza ilifika pale. Sharjeri ya matundu mbili. Diski ya almasi mbili na za fere kumi, tarehe niliangalia mpaka muuzaji akaleta lineti yake naye akaanza kuangalia.

Majiwe: dada yangu Majiwe ao kaka, sijue, Mungu akubariki. Ile ya kuchora mustari na kupiga, siku ya kwanza tuliharibu sita, siku ya pili mbili. Sasa yule mudogo wa ekipe njo ana sikio, anapiga anasema "bado... bado... sasa", na inafunguka. Batri jozi moja inafika mpaka saa ine ya asubui, tunabadilisha.

Dirisha mbili za Mugunga mu bloko ya 20, hapo niliteseka. Batri nne zilikuwa zote za moto, umeme ikaenda saa tano, tukakaa tunaangaliana. Nikaazima grupe ya jirani, ile ndogo ya televizioni, ikasharji. Lakini tuliingiza siku ya pili kwa kazi ya siku moja, na muteja hakuongeza hata franga. Nikipata feza nanunua batri mbili zingine mbele ya kitu chochote. Na kwa mfereji ao beto ndefu nitarudia kukodisha, papa Kadutu umeshinda ile moja.

Pompe ya maharagi inafanya kazi ila mupira unatoka kila saa, kama kuko mwenye anajua kipande cha kuufunga chenye kinaenda na tundu ya Makita aniambie, nimejaribu kamba ya mupira wa kinga na waya, bado inavuja ku viatu.

Jana yule muzee wa Ndosho alipita ku shantie. Akaangalia mashini, akaizungusha, akaitafuta pahali pa kutia esanse, akauliza kwa siku nitamukodishia ngapi ju ana kazi ya fere ndani ya nyumba ya binti yake. Nilimuambia nitakuja nayo mwenyewe, nikae ku kiti, na chai ni yake.